Marubani Thelathini na Mmoja wa Barazani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Waheshimiwa Maprofesa, Waheshimiwa Madaktari msiotibu mtu, Mkuu wa Idara ya Uchumi, wahadhiri wengine wote ambao vyeo vyenu nimeandikiwa hapa kwa herufi ndogo nisizoziona, ndugu wazazi na walezi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wageni msioalikwa mlioingia kwa mlango wa nyuma, ambao nawajua nyote na vipimo vya viuno vyenu ninavyo, wahitimu, watoto wetu, wajukuu wetu: hamjambo?

Kama nimemruka mtu, anisamehe. Mjukuu wangu alinifundisha jana mchana kutwa nani aanze na nani afuate. Nilipomuuliza kwa nini profesa atangulie mbele ya daktari, wakati mimi nikiumwa tumbo sijawahi kupelekwa kwa profesa, aliinama akacheka, hakunijibu. Basi nimesimama mbele yenu swali langu la kwanza likiwa bado halijajibiwa, na hotuba ndiyo kwanza inaanza.

Nimeombwa nizungumze kwa niaba ya wazazi na walezi wa wahitimu wa shahada ya uzamili ya uchumi tumizi. Mimi ni fundi cherehani. Nina miaka sabini na mitatu, na kati ya hiyo, hamsini na tisa nimeimaliza nikiwa nimekalia kiti kimoja, isipokuwa mguu wa kiti umebadilishwa mara nne. Nilisoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza. Niliondoka katikati ya somo la sehemu, mwalimu akiwa ameshakata chungwa vipande nane lakini hajasema nani anapata kipi. Mpaka leo sijui lile chungwa alikula nani.

Sasa mnajiuliza: katika wazazi wote hawa, wamo mameneja humu, wamo mahakimu, yumo yule bwana wa suti ya kijivu ambayo mabega yake yanaanza kabla ya yeye mwenyewe kufika, kwa nini asimamishwe fundi wa barazani? Hata mimi najiuliza. Aliyenichagua ni Mkuu wa Idara, na nadhani amenichagua kwa sababu mimi ndiye mlezi pekee humu ndani niliyewahi kusimama mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo hiki. Na sikuitwa, waheshimiwa. Nilijipeleka.

Mjukuu wangu ameniandikia hotuba. Hii hapa, kurasa mbili, imepigwa chapa vizuri. Inasema nina furaha isiyo na kifani. Ni kweli, ninayo. Inasema tunawashukuru wahadhiri kwa malezi mema. Ni kweli, tunawashukuru. Lakini kuna jambo imeliruka, na mwandishi wake anajua vizuri ameruka nini. Mwangalieni pale safu ya pili, anavyojifunika uso kwa kofia. Usijifunike, mama. Kofia ni ya kukodi.

Kwa hiyo naomba niikunje hii karatasi, niitie mfukoni, niwaambie lile lililorukwa.

Siku aliyopata nafasi ya kusoma hapa, alikuja nyumbani anahema. Huyu tumemlea sisi, mimi na bibi yake, tangu anafika urefu wa meza ya kukatia. Akasema, "Babu, nimepata! Uzamili. Uchumi tumizi."

"Uchumi gani?"

"Tumizi, Babu. Unaotumika."

"Kwa hiyo ule uliosoma miaka mitatu ulikuwa wa kuangalia tu?"

Bibi yake akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Muache mke mwenzangu asome! Wewe cherehani yako unayo miaka arobaini, na mpaka leo hujui kile kidude cha pembeni ni cha kazi gani."

Na ni kweli sijui. Kipo pale, hakizunguki, hakipandi wala hakishuki, na kila nikikifungua uzi unakatika. Mtu akikushinda kwa ukweli utamfanya nini?

Akaanza masomo. Jioni akirudi, mimi namuuliza leo mmesoma nini, maana nilitaka kuufuatilia huu uchumi nione unaelekea wapi. Siku moja akaniambia, "Leo tumejifunza bei ikipanda, wanunuzi wanapungua, tukichukulia kwamba mambo mengine yote hayabadiliki."

Nikauliza, "Mambo gani mengine?"

"Yote, Babu."

"Na hayabadiliki?"

"Tunachukulia hivyo."

Nilicheka mpaka nikachomwa na sindano. Waheshimiwa wachumi, mimi mteja namchukua vipimo Jumatatu, Ijumaa anakuja kuvaa na kiuno kimeshahama. Huyo ni mtu mmoja, kiuno kimoja, siku nne! Ninyi mnashika nchi nzima mnaiambia isimame tuli mpaka mmalize hesabu, na inasimama? Naomba kujua inakuwaje. Sidhihaki. Kama mna namna ya kumfanya mtu asibadilike, sisi mafundi tunaihitaji kuliko ninyi.

Tukafika kwenye utafiti wa tasnifu yake. Baraza letu liko mbele ya maduka tisa ya vitambaa. Mteja ananunua kitambaa ndani, akitoka nje anatukuta thelathini na mmoja tumepanga cherehani mstari mmoja, kila mmoja anamuita: Mama, njoo huku! Kaka, suruali hiyo inakuvuta! Dada, mimi sina foleni! Mjukuu wangu akataka kujua kwa nini tunakaa pamoja hivyo tukinyang'anyana wateja, badala ya kutawanyika kila mtu na mtaa wake. Nikamwambia tunakaa pale kwa sababu kivuli kiko pale. Akaandika. Baadaye nikasikia kivuli kile kimejaza kurasa kumi na moja.

Asubuhi moja akaja barazani na bahasha nene. Ndani yake mlikuwa na madodoso. Kwa ambao mlisoma kama nilivyosoma mimi, dodoso ni karatasi yenye maswali mengi na vijumba vidogo vya kutia alama. Lake lilikuwa na maswali ishirini na mawili. Alitakiwa akae na kila fundi peke yake, amuulize, aandike mwenyewe. Lakini siku ile alikuwa na kipindi saa nne, na msimamizi wake, huyu profesa mrefu aliyekaa pale anatazama viatu vyake, hapendi mtu anayechelewa. Basi mtoto akasema, "Jamani, wengi wenu mnasoma na kuandika. Nawaachia. Kila mtu ajaze ya kwake. Jioni nitapita kukusanya." Hilo ndilo kosa lake, na amelikiri, na limeshaisha.

Kosa letu likaanza na neno lake la mwisho. Alikuwa ameshafika barabarani, akageuka, akapaza sauti: "Shahada yangu iko mikononi mwenu!"

Sasa wewe mwambie fundi kwamba kitu kiko mikononi mwake.

Yupo mwenzetu tunamuita Kibiriti, kwa ajili ya udogo wake na upesi wake wa kuwaka. Akaigeuza ile karatasi mbele na nyuma, akasema, "Huu ni mtihani."

"Wa nani?" Huyo ni Mama Pindo, ambaye kazi yake ni kupinda nguo chini, na hafanyi nyingine.

"Wa mtoto. Hukusikia? Tukikosea sisi, anaanguka yeye."

"Mungu wangu! Na mimi shule ilinikimbia."

"Basi tumuangalizie babu yake. Anakaa naye, lazima anajua amefundishwa nini."

Cherehani zikanyamaza. Watu thelathini wakanigeukia. Waheshimiwa, nawauliza: kati yenu yupo ambaye watu thelathini wamemtazama kama anajua, akasema hajui? Nikavaa miwani. Nikakohoa kidogo. Nikaanza kusoma kwa sauti.

Swali la kwanza lilikuwa umri. Nikasema, "Sabini na mbili." Kibiriti akaandika sabini na mbili.

"Wee Kibiriti! Huo umri wangu!"

"Na mimi nitajuaje kama wa kwangu ndio unaotakiwa?"

Tulibishana hapo mpaka tukakubaliana umri kila mtu aandike wake. Kibiriti aliandika kwa shingo upande.

Swali la nne, unashona nguo ngapi kwa wiki. Nikasema kumi na moja. Mama Pindo akasema, "Lakini mimi napinda tu, wiki nzuri nafika sitini."

"Andika kumi na moja," wakamfokea. "Unataka mtoto aanguke?"

Tukaenda hivyo. Ndipo tukafika swali la tisa, na hili naomba mlishike. Lilisema: Kama usingekuwa unafanya kazi hii, ungekuwa unafanya nini?

Nilisoma mara mbili. Juu yetu ilikuwa inapita ndege. Nikaitazama, nikasema, "Rubani."

Ulikuwa utani, ndugu zangu. Nikangoja wacheke. Hakucheka mtu. Nilisikia kalamu thelathini zinatembea.

Mama Pindo akanong'ona, "Mimi hata ngazi ya kubadilishia taa naiogopa."

"Andika, mama, andika."

Jioni mtoto akapita, amechoka, ana furaha, anatushukuru mmoja mmoja. Kila karatasi aliyopokea akaandika namba juu pembeni kwa kalamu nyekundu. Mimi nilikuwa wa kwanza kumpa, akaniandikia moja. Kibiriti alikuwa wa mwisho, akaandikiwa thelathini na moja. Zilikuwa namba za kupangia karatasi tu, nalijua hilo sasa. Siku ile je? Rangi nyekundu, pembeni juu, mtu yeyote aliyefika hata darasa la pili anajua ile ni nini. Nimepata moja! Majibu yangu mwenyewe, niliyoyatoa kichwani mwangu kwa jasho, mimi nipate moja, na yule aliyetaka kuniibia hata umri apate thelathini na moja! Siku tatu sikumsalimia. Yeye akawa anawaambia wateja, "Njoo kwangu, mimi nimefaulu."

Zikapita wiki mbili. Mchana mmoja mtoto akaja barazani, akakaa kwenye benchi la wateja, hakusalimia. Mkononi ana karatasi iliyochorwa mstari. Akanipa. Nikavaa miwani. Ndugu zangu, ulikuwa mstari umenyooka kutoka kushoto mpaka kulia, hauna hata kitetemo.

"Safi sana," nikasema.

Nikampa Mama Pindo. "Mkono wa nani huu? Umetulia kweli." Naye akampa wa pili, wa pili wa tatu, ukapita baraza zima, kila fundi anausifu. Ulipomrudia mwenyewe, nikaona anatokwa na machozi. Nikadhani ni ya furaha. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepotea.

Kumbe ule mstari, uliochorwa kutokana na majibu yetu, ndio msiba wenyewe. Msimamizi wake alikuwa ameyaona majibu, akasema miaka ishirini na miwili ya kufundisha hajapata kuona watu thelathini na mmoja, wa miaka kumi na tisa mpaka sabini na mbili, wanashona nguo kumi na moja kila mmoja, wanapata wateja wapya wanne kila mmoja, na wote, kama si cherehani, wangekuwa angani wanarusha ndege. Kwa uchumi, mstari kama ule maana yake mtu amejifungia chumbani akabuni majibu. Mjukuu wangu alikuwa na barua mfukoni. Alhamisi afike mbele ya kamati. Ikithibitika kwamba amebuni, anafukuzwa, jina linaandikwa, na hakuna chuo kingine kitakachomfungulia mlango.

Akajifuta uso kwa kipande cha bitana alichokiokota chini. "Babu," akasema, "naomba uniambie ukweli. Hivi ninyi nyote mlitaka kuwa marubani?"

Hakuna aliyenitazama. Watu thelathini wakainama kwenye cherehani wakakanyaga kwa bidii, na nusu yao sindano hazina uzi.

"Ni mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ili ufaulu."

Akaanza kucheka, na kile kicheko kilikuwa kibaya kuliko kile kilio. "Babu, dodoso halina jibu sahihi."

Waheshimiwa maprofesa, hapo ndipo nilipopotea moja kwa moja, na nawaambieni mbele ya mgeni rasmi kwamba sijarudi. Maswali ishirini na mawili, yamechapwa kwenye karatasi nzuri, na hakuna hata moja lenye jibu sahihi! Sasa mlikuwa mnauliza nini? Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa na fimbo kwa ajili ya jibu lisilo sahihi. Kumbe miaka yote hiyo kulikuwa na chuo mahali fulani ambako unaulizwa, unasema lako, wanaandika, wanashukuru?

Alhamisi tulikwenda. Hakutuita mtu, na yeye hatukumwambia. Tulifunika cherehani zote thelathini na moja, na wenye maduka wakatoka nje kutazama kama kuna aliyekufa. Tukapanda ngazi za jengo lenu la utawala, Mama Pindo amefumba macho ananishika koti. Karani wa mlangoni akasema, "Mna miadi?"

Kibiriti akajibu, "Tuna makosa. Tupitishe."

Mle ndani kuna meza ndefu na feni inayogonga kitu kila ikizunguka. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja wa miwani ya mnyororo. Mjukuu wangu amekaa mwisho wa meza peke yake, mikono katikati ya magoti, kama siku alipoletwa kwetu mara ya kwanza. Akatuona tunaingia, tunaendelea kuingia, hatumaliziki kuingia. Akafunga macho.

Mwenyekiti akaniuliza, "Mzee, wewe ni nani?"

Nikasema, "Mimi ni karatasi namba moja."

Nikamwambia yote kama nilivyowaambia ninyi. Nilipofikia swali la tisa akavua miwani, akatutazama baraza zima. "Kwa hiyo hapa hakuna aliyetaka kuwa rubani?"

Kibiriti akanyoosha mkono. "Mimi, mheshimiwa. Siku ile sikutaka. Lakini nimelifikiria tangu siku ile, nimeona lingenifaa."

Huyu profesa mrefu aliinama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Mwenyekiti hakucheka. Alinirudia mimi, taratibu kabisa. "Mzee, swali lilisomeka. Utani tunauelewa. Ila kama jibu hukuwa nalo, kwa nini hukusema tu kwamba hujui?"

Nikavaa miwani, nikakohoa kidogo, ila safari hii sikuwa na karatasi ya kusoma. Ile feni ikagonga mara kadhaa.

Kamati ikasema mtoto hakubuni, bali alizembea. Hatafukuzwa. Ila kila kitu kianze upya, fundi mmoja mmoja, uso kwa uso. Wenzake aliosoma nao wakavaa majoho mwaka jana bila yeye, nasi siku hiyo tulikaa nyumbani, bibi yake akafua nguo zilizokuwa safi. Mwaka huo nilimharibia mimi. Hotuba aliyoniandikia haikuutaja, kwa sababu ana adabu. Mimi nautaja kwa sababu adabu yangu mnaiona.

Akaanza upya. Akaweka vigoda viwili nyuma ya duka la mwisho, akaita fundi mmoja mmoja. Mimi nikapewa amri nisikaribie hatua kumi. Miezi minne naona watu wanakwenda nyuma ya duka wanarudi kimya, wengine wanajipangusa macho, na hakuna anayeniambia ameulizwa nini, wakati maswali yenyewe nayajua kwa moyo! Mimi akaniweka wa mwisho.

Tukakaa. Umri, nikasema. Nguo kwa wiki, nikasema ukweli: sita, saba, macho yameanza kuchoka. Tukafika la tisa. "Kama usingekuwa unafanya kazi hii, ungekuwa unafanya nini?"

Nikafungua mdomo nitanie. Nikamuona ameshika kalamu, ananingoja, hana haraka hata kidogo. Nikafunga mdomo. Nikaanza kufikiri, waheshimiwa, nadhani kwa mara ya kwanza. Nilipokuwa na miaka kumi na minne baba yangu aliniita nje ya dirisha la darasa. Nikatoka. Nyumbani nikakuta cherehani, nikakaa. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikumuuliza mtu. Nikarudi nyuma mpaka kwenye lile dirisha, nikajaribu kuona kama nisingetoka ningekwenda wapi. Sikuona kitu. Hakuna mlango pale, hakuna ndege, hakuna rubani. Kuna lile chungwa mezani tu.

"Sijui," nikamwambia.

Akaandika. Nikachungulia, na nilichokiona kimeandikwa ni tisini na tisa.

"Nimepata tisini na tisa?"

"Si alama, Babu. Kila jibu lina namba yake ya kuingizia kwenye kompyuta. Tisini na tisa ni namba ya 'sijui'."

"Sijui ina namba?"

"Ina namba."

"Kila mahali? Hata kwenye vyuo vikubwa?"

"Kila mahali, Babu."

Sabini na mbili yangu nimeishi nikiificha sijui, naivalisha utani, naikohoa, naivalia miwani, kumbe wenye elimu mnayo mmeitengea kiti chake, ina namba kubwa kuliko majibu mengine yote! Kwa nini hamkutangaza?

Yakakusanywa majibu yote. Kati ya thelathini na mmoja, kumi na tisa tulisema hatujui, na hakuna aliyemuangalizia mwenzake. Kibiriti peke yake ndiye aliyebaki rubani. Mtoto akanieleza kwamba wachumi hupima kazi ya mtu kwa kile alichokiacha ili aifanye, na hutuhesabia sisi hivyo siku zote, kana kwamba kila mmoja wetu alisimama njia panda akachagua. Yeye akaandika kwenye sura moja ya tasnifu kwamba kumi na tisa hawakuacha kitu, maana hawakuonyeshwa kingine, na kwamba hesabu ikimkuta mtu wa namna hiyo haijui imfanye nini. Profesa huyu, nasikia, alikaa na sura ile siku tatu kabla ya kumrudishia. Alipomrudishia hakuwa ameweka alama ya kalamu popote, isipokuwa pembeni ameandika: *Na mimi je?*

Nimeielewa hiyo sura? Nimesomewa mara nne. Mara ya kwanza nililala, mara ya pili nilibisha, mara ya tatu niliona kama naelewa, ya nne ikanipotea tena. Mkiniuliza, andikeni tisini na tisa.

Sasa naomba wale wageni wasioalikwa walio nyuma kabisa, waliosimama kwa sababu viti vimekwisha, wasogee mbele kidogo waonekane. Marubani, sogeeni. Mama Pindo, hakuna ngazi, njoo. Waheshimiwa, hawa ndio tasnifu yenyewe. Wapigieni makofi kabla Kibiriti hajaruka.

Basi nimalizie na shukrani, maana mjukuu wangu ananionyesha saa. Nawashukuru wahadhiri, mliomfundisha mtoto kungoja jibu. Namshukuru mwenyekiti wa kamati. Swali lako la Alhamisi ile, mama, sasa una jibu lake. Namshukuru profesa mrefu, na namkumbusha kwamba mikono ya koti lake ni mirefu kupita yake, aje barazani, kwake ni bure. Namshukuru bibi wa mtoto huyu, ambaye alifua tena leo asubuhi, safari hii kulikuwa na uchafu kweli. Na wewe uliye safu ya pili: mwaka ule siwezi kukurudishia. Nilidhani nakusaidia. Naomba radhi mbele ya watu, kwa sababu kosa nililifanya mbele ya watu.

La mwisho ni la uongozi wa chuo. Joho alilovaa mmetukodishia, na kesho saa nne linarudi kwenu. Nawaarifu halitarudi kama lilivyotoka. Lilikuwa limeshonwa vibaya begani, pindo limelegea, mshono wa kushoto umekwenda kombo kama mtu aliyeshona akizungumza. Nimelifumua, nikalirudia lote. Na kwapani nimeacha kitambaa cha ziada ndani, liweze kuongezwa, kwa sababu juzi mwenye kulivaa ameniambia sasa anataka uzamivu. Nikamuuliza uzamivu ni wa nini. Akafikiri, akacheka, akasema, "Tisini na tisa, Babu." Nikamwambia basi nenda.

Asanteni kwa kunisikiliza, na mkiulizwa huko nje mzee alisema nini, kila mtu ajibu kwa maneno yake mwenyewe.